Vijana Wawili Wenye Beji Nyeusi

Wajukuu zangu, mkitembea Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi, huenda mmeshapishana nao njiani. Vijana wawili wa kiume, shati jeupe, tai shingoni, beji nyeusi kifuani, begi mgongoni. Au wasichana wawili wenye sketi ndefu na beji ileile. Hawaachani. Wanasalimia kila anayewatazama usoni, na Kiswahili chao mara kimenyooka, mara kinakwama katikati ya sentensi, nao wanacheka na kuanza upya. Watu huwaita Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni wanachokibeba. Wenyewe hupenda jina la kanisa lao litajwe zima: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na leo makao yake makuu yako Salt Lake City, jimbo la Utah.

Wengi wetu tunawaona wakipita. Wachache tunajua wanalala wapi, wanakula nini, nani aliwatuma, na moyo unakuwaje baada ya milango ishirini kufungwa mfululizo. Hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Sitahubiri dini yao wala sitaipinga. Hilo mtalizungumza na wazazi na walimu wenu wa dini. Ninachotaka mkijue ni maisha ya kijana wa umri wa kaka yenu mkubwa, anayeondoka kwao kwa hiari, bila mshahara, akakae miaka miwili kati ya watu asiowajua. Wako zaidi ya 70,000 duniani hivi sasa. Jambo kubwa namna hiyo linastahili kutazamwa kwa makini.

Ili hadithi ishike njia, tumfuate mmoja. Ni kijana wa kufikirika, kwa hiyo hatumpi jina, lakini ratiba, sheria na desturi nitakazozitaja ni za kweli. Tumtoe Logan, mji ulio katika bonde lenye theluji kaskazini mwa Utah, tumpeleke Kumamoto, kusini mwa Japani.

Japani hakuichagua yeye. Kijana anayetaka kwenda misheni hujaza fomu akijua kwamba hataulizwa anapenda nchi gani. Mwaka 2012 rais wa kanisa wakati huo, Thomas S. Monson, alitangaza kwamba wavulana wanaweza kwenda wakiwa na miaka 18 badala ya 19, na wasichana wakiwa na 19 badala ya 21. Mwishoni mwa 2025 wasichana nao wakaruhusiwa kuanza wakiwa na 18. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana miezi 18. Mvulana huambiwa tangu utotoni kwamba huu ni wajibu wake. Msichana hukaribishwa, na akiamua kubaki hakuna anayemwuliza.

Basi kijana wetu anakwenda kwa askofu wake. Askofu kwao si mtu wa kulipwa. Ni jirani, labda mwalimu au mwenye duka, aliyepewa kazi ya kuongoza kata yake, yaani usharika wa mtaa wao, kwa miaka kadhaa. Anamhoji faraghani: unaishi vipi, unaamini nini, unakwenda kwa moyo wako au kwa kusukumwa na mama? Daktari anampima mwili mzima. Daktari wa meno naye anamtazama, maana jino bovu likiuma ugenini ni balaa. Kisha taarifa zake zinapelekwa Salt Lake City, ambako mmoja wa viongozi wanaoitwa Mitume Kumi na Wawili huzipitia kwa sala na kuamua huyu aende wapi. Zamani jibu lilikuja kwa posta ndani ya bahasha kubwa nyeupe. Siku hizi linakuja kwenye kompyuta. Lakini desturi ya kulifungua haikubadilika: familia inajazana sebuleni, bibi yuko kwenye simu ya video, binamu wanabashiri kwa kelele, Brazil, Ufilipino, Kanada! Naye anasoma kwa sauti inayotetemeka: Misheni ya Fukuoka, Japani. Mama analia na kucheka kwa pamoja. Baba anatafuta ramani.

Nani analipa? Yeye na jamaa zake. Tangu 2020, kijana anayetoka Marekani huchangia dola 500 kila mwezi, apelekwe Japani au jimbo la jirani, na fedha hizo huchanganywa pamoja ili aliyepangiwa mji wa ghali asiumie kuliko mwenzake. Wapo wanaoanza kuweka akiba wakiwa wadogo kama ninyi, kwa kukata nyasi za majirani na kuosha magari. Kwa kijana wa familia isiyo na uwezo, mfuko wa kanisa huongezea, ndiyo maana hata mtoto wa mtaa wa kawaida Kinshasa anaweza kwenda.

Kabla ya safari kuna shule. Kituo kikubwa cha mafunzo kiko Provo, Utah, na lugha zaidi ya 50 hufundishwa hapo, Kiswahili kikiwamo. Waafrika wengi hupitia Accra au Johannesburg. Kijapani ni kati ya lugha zinazohitaji muda mrefu zaidi, na bado muda wenyewe ni kama miezi miwili tu. Walimu ni vijana waliorejea majuzi kutoka nchi hizo. Katika siku za mwanzo kabisa, kabla mwanafunzi hajajua hata kuuliza choo kiko wapi, anaingizwa chumbani na kuambiwa: mfundishe huyu bwana kuhusu Mungu, kwa Kijapani. Anabaki ameduwaa huku jasho likimtoka. Kesho yake anarudi tena na maneno kumi zaidi.

Sasa tumkute Kumamoto. Ni mji wenye ngome maarufu ya kale, na volkano ya Aso haiko mbali. Mwezi Juni mvua hainyamazi, Agosti joto lake ni la kunata mwilini kama la Mombasa kabla ya kusi. Kijana wa theluji anaamka saa 12 na nusu asubuhi katika chumba kidogo, kwenye godoro la kukunja lililotandikwa sakafuni. Anapiga magoti kusali. Nusu saa ya mazoezi: kuruka kamba, kupiga pushapu. Anaoga, anakula wali na yai au mkate, halafu anakaa mezani na vitabu. Saa nzima ya kusoma peke yake, maandiko na mwongozo uitwao Hubiri Injili Yangu. Kisha saa ya kusoma pamoja na mwenzi wake. Kisha lugha. Ratiba hiyo imelegezwa kidogo tangu 2017, na kiongozi wa misheni anaweza kuipanga kulingana na nchi, lakini uti wa mgongo ni uleule: asubuhi kusoma, mchana na jioni kutoka, saa tatu usiku kurudi, saa nne na nusu taa kuzimwa. Hakuna televisheni. Hakuna sinema. Hakuna mpenzi. Simu anayo, lakini ni ya kazi.

Nimemtaja mwenzi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndipo kiini cha maisha haya kilipo.

Mmisionari hayuko peke yake hata siku moja. Amepangiwa mwenzi, na sheria inasema wawe mahali ambapo kila mmoja anamwona au anamsikia mwenzake saa zote, isipokuwa bafuni na chooni. Wanalala chumba kimoja. Wanapika pamoja. Mmoja akiugua, mwingine anashinda ndani naye. Hakumchagua, kama ambavyo hakuichagua nchi. Rais wa misheni, mtu mzima anayekuja na mkewe kuongoza kwa miaka mitatu, ndiye anayewaunganisha, na kila baada ya wiki sita hutoka habari za uhamisho: nani anabaki, nani anahama mji, nani anapewa mwenzi mpya. Mgeni kabisa hupewa mkufunzi aliyekwisha kukaa muda.

Fikirini basi. Kijana wetu wa Logan, mpole, anayependa kunyamaza asubuhi, anaunganishwa na Mjapani wa Sapporo anayeimba tangu anapofumbua macho. Huyu anaosha vyombo mara tu baada ya kula, yule anaviacha hadi jioni. Huyu anataka kugonga milango, yule anataka kuzungumza na watu stesheni. Nyumbani, ukichoka na ndugu yako unatoka nje kucheza mpira. Hapa ukitoka, naye anatoka. Kugombana kunakuja, lazima kuje, na wanachotakiwa kufanya ni jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi: mara moja kwa wiki wanakaa wakitazamana, wanasali, halafu kila mmoja anamwambia mwenzake kile anachokishukuru kwake na kile kinachomkera. Bila kupayuka. Bila kununa. Halafu wanapanga wiki ijayo pamoja.

Nimesoma na kusikia kumbukumbu za watu waliopitia hayo, nami naamini kazi ngumu kuliko zote si ile ya barabarani. Ni hii ya chumbani. Kumvumilia mtu wa mbali dakika kumi mlangoni ni rahisi. Kumpenda aliyetumia taulo lako kunataka zaidi.

Saa nne asubuhi hivi wanatoka. Kumamoto wanakwenda kwa baiskeli, kofia ngumu kichwani, mguu wa suruali umefungwa usinase kwenye mnyororo. Wana orodha: bibi mmoja aliyesema njooni tena, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kusoma Biblia, muumini wa kata yao ambaye hajaonekana kanisani muda mrefu. Pasipo na miadi, wanagonga milango au wanazungumza na watu njiani. Siku hizi sehemu ya kazi hufanywa kwa simu pia, kwa kuwaandikia watu walioonyesha hamu mtandaoni.

Kukataliwa Japani kuna adabu yake. Hakuna anayekufokea. Sauti inatoka kwenye kidude cha ukutani, laini, inasema asante, hatuhitaji, na inazimika. Mlango haukufunguliwa hata kidogo. Wakristo wote wa Japani, wa madhehebu yote, ni karibu asilimia moja tu ya watu, kwa hiyo wengi hawana hata wazo la unachokizungumzia. Heber J. Grant, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kanisa, alifungua misheni ya kwanza huko mwaka 1901. Ilipata waumini wachache mno, ikafungwa mwaka 1924, na haikufunguliwa tena mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948. Kijana anayegonga milango Kumamoto anatembea juu ya nyayo za watu waliovuna kidogo, naye anajua anaweza kukaa miaka yake miwili na kuona watu wachache sana wakibatizwa.

Lakini mlango ukifunguka! Anavua viatu kwenye kibaraza cha ndani, anavigeuza vielekee nje kama desturi inavyotaka, anakaa sakafuni miguu ikimfa ganzi. Mwenye nyumba analeta chai ya kijani. Hapo ndipo mtihani ulipo, kwa maana kanisa lao lina fundisho liitwalo Neno la Hekima: hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kahawa, hakuna chai ya majani. Kumkatalia chai mwenyeji wako bila kumuumiza ni kazi, nanyi mnaijua, kwa sababu wenzao wanaotumikia kwetu hukutana nayo kila jioni. Nyumba ya pwani kikombe kinamiminwa kabla hujaulizwa. Hapa kwetu wengi huomba maji au uji. Kumamoto kuna bahati: Wajapani wana kinywaji cha shayiri iliyokaangwa, baridi, kitamu wakati wa joto, wala hakina jani la chai hata moja. Mwenzi wa Sapporo anajua namna ya kukiomba kwa heshima. Chakula nacho ni mafunzo. Nyama ya farasi mbichi, iliyokatwa nyembamba, ni sifa ya mji huo, na mgeni aliyelelewa kwa viazi hana budi kumeza na kusema ni tamu. Mara nyingine ni tamu kweli.

Kwenye nyumba nyingi za wazee kuna kimadhabahu cha Kibudha chenye picha za waliotangulia, na kila asubuhi huwekewa wali. Bibi anamwonyesha picha ya mumewe. Kijana hamwambii aiondoe. Kanisa lake lenyewe limezama katika habari za mababu; waumini wake hukusanya majina ya ukoo vizazi na vizazi, wakiamini kwamba familia zinaweza kuunganishwa hata baada ya kifo. Hapo mazungumzo yanapata pa kushika. Anamwuliza bibi jina la mama yake, na la mama wa mama yake, naye bibi ambaye hakuwa na nia yoyote ya kubadili dini anazungumza saa nzima kwa furaha, kwa sababu siku nyingi hakuna aliyemwuliza.

Siyo kuhubiri tu. Wamisionari Japani hufundisha Kiingereza bure mara moja kwa wiki katika jengo la kanisa, na wanaokuja ni wanafunzi, wastaafu, akina mama wenye watoto. Pia wana saa za kujitolea. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe huliomba wenyewe. Wanang'oa magugu kwenye bustani ya mzee, wanahamisha makabati, wanazoa matope baada ya mafuriko.

Kijapani kinawatesa. Namna ya kusema na mtoto si namna ya kusema na mzee, na kosa dogo linageuza sala kuwa kichekesho. Miezi ya mwanzo mkufunzi ndiye anayesema, mgeni anatikisa kichwa na kutabasamu. Kuna siku, kwenye mwezi wa nne au wa tano, anashtuka akigundua ameelewa utani wa dereva wa basi. Hiyo ni siku kubwa kuliko ya kufika.

Nataka niwakatishe safari hii niwaambie habari ya mvulana mwingine, huyu wa kweli kabisa, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko kijana wetu. Aliitwa Joseph F. Smith. Baba yake, Hyrum, aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844, mtoto akiwa na miaka mitano. Mama yake akafariki mwaka 1852. Mwaka 1854, akiwa na miaka 15, yatima, alitumwa misheni Hawaii, ambayo wakati huo ilikuwa nchi yenye mfalme wake. Alisafiri hadi California, akafanya kazi ya mikono huko kutafuta nauli ya meli, akafika Honolulu mwezi Septemba. Wakampeleka kisiwa cha Maui. Hajui lugha. Hajui chakula. Mara homa ikamwangusha.

Mwanamke Mhawaii aliyeitwa Mahuhii alimchukua akamwuguza kama mwanawe wa kumzaa. Alipopona, miezi michache tu baadaye, mvulana yule alikuwa akihubiri kwa lugha ya visiwa. Alipokuwa kisiwa cha Lanai, moto uliteketeza nguo zake na shajara zake. Husimuliwa kwamba yeye na mwenzi wake walibaki na suti moja ya kuvaa kwa zamu: mmoja akienda ibadani, mwingine amelala kitandani akingoja. Alirudi kwao mwaka 1858, kijana wa miaka 19. Miaka mingi ilipita. Akawa kiongozi mkubwa, na mwaka 1901 akawa rais wa kanisa zima. Katika safari moja ya kurudi Hawaii, watu walipokuwa wamejaa kumpokea, alikuja mwanamke mzee sana, kipofu, ameongozwa mkono, amebeba ndizi chache, akiliita jina lake kwa lahaja ya visiwa: Iosepa, Iosepa. Joseph aliwaacha wakubwa wote, akamkimbilia, akamkumbatia huku akimwita mama.

Kila kijana wa misheni anatarajia atakwenda kutoa. Huyu alikwenda, na aliyeokolewa ni yeye, na mwanamke ambaye hakuwa na kitu isipokuwa moyo na ndizi. Visa vya namna hii viko vingi, na kila nikikisoma kimoja naona jinsi mwenyeji anavyosahaulika upesi katika habari za wageni.

Turudi Kumamoto, ni Jumatatu. Jumatatu mara nyingi ndiyo siku ya maandalizi, na mchana wake ni wao. Wanafua. Wananyoana nywele, mara vizuri, mara vibaya. Wananunua mchele, mayai na tambi za wiki nzima kwa fedha ndogo ya matumizi. Wanaweza kupanda kilima kuitazama ngome. Kisha simu nyumbani. Hadi mwanzoni mwa 2019, mmisionari aliongea na wazazi wake mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Yaliyobaki yalikuwa barua. Februari ya mwaka huo kanisa liliruhusu simu ya kila wiki. Wapo waliohofu kwamba vijana watazidi kukumbuka kwao. Mimi nadhani uamuzi ulikuwa mwema. Mtoto aliyesikia sauti ya mama yake anarudi kazini akiwa mzima.

Maana upweke upo, hata ukiwa na mwenzi pembeni saa zote. Upo usiku, upo kwenye siku ya kuzaliwa, upo zaidi babu anapofariki Logan na wewe uko Kumamoto. Wengine moyo unaelemewa na hofu au huzuni mpaka wanarudi kabla ya muda. Zamani baadhi ya watu waliwatazama kwa jicho baya. Hilo lilikuwa kosa, na ninafurahi kwamba sasa kuna washauri wa kuzungumza nao, na ipo misheni ya huduma kwa wanaotumikia wakiwa wanaishi nyumbani kwao.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa Afrika anastahili kuambiwa waziwazi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kanisa hili halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Kiafrika, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, hawakuruhusiwa kushiriki ibada kuu za hekaluni. Kwa sababu hiyo wamisionari karibu hawakuja kwetu kabisa. Lilikuwa jambo la kuumiza. Mwezi Juni 1978 rais Spencer W. Kimball alitangaza kwamba kizuizi kimeondolewa. Ghana na Nigeria tayari kulikuwa na Waafrika waliokisoma Kitabu cha Mormoni wenyewe na kuanzisha makusanyiko bila kutumwa na yeyote, na walikuwa wakiandika barua miaka na miaka wakiomba watembelewe. Novemba mwaka uleule wakatembelewa. Anthony Obinna wa Nigeria, mmoja wao, alibatizwa siku hizo. Kenya ililitambua kanisa hilo mwaka 1991, Tanzania ikafuata mwaka 1992. Kitabu cha Mormoni kizima kwa Kiswahili kilitoka mwaka 2000. Kinshasa ilipata hekalu mwaka 2019, Nairobi mwaka 2025. Na leo beji nyeusi mnayoiona Dodoma au Kisumu inaweza kuwa kifuani mwa kijana wa Lubumbashi, Kampala au Antananarivo. Mmarekani si lazima.

Miezi 24 inaisha. Kijana wetu ameshabadilisha wenzi wengi, amehama miji kadhaa ya kusini mwa Japani, amechakaza viatu. Katika siku za mwisho anarudi Kumamoto kumuaga bibi wa picha, ambaye hakubatizwa, naye bibi anamfungia zawadi kwa kitambaa. Anaposhuka kwenye ndege Utah bado ni mmisionari. Beji haivuliwi uwanjani. Mama anamkumbatia, ndugu wanapeperusha mabango, lakini sheria zote bado zinamhusu mpaka jioni atakapokaa mbele ya rais wa kigingi, kiongozi wa kata kadhaa za eneo lao, aeleze alivyotumikia, kisha aambiwe: umemaliza, unaweza kuivua. Wengi hulia hapo, hata wale walioihesabu siku hiyo kwa miezi.

Wiki za mwanzo ni za ajabu. Anaingia dukani peke yake na anahisi kuna kitu amekisahau. Anaanza sala ya chakula kwa Kijapani. Anainama kumsalimu mwuza petroli. Chuo kikuu kinafunguliwa mwezi Septemba. Atasoma uhandisi, na somo la Kijapani ameliongeza mwenyewe. Mdogo wake wa kike, miaka 18, ameshaanza kujaza fomu zake, na jioni moja anamwuliza ni kitu gani cha kuchukua ambacho yeye hakijui. Anafikiri, halafu anamwambia: viatu, jozi mbili, na uvitembelee kwanza hapa nyumbani mpaka vilegee.